Neno la Kati

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanzaje bila hiyo?

Mvua imefika kwetu Zuzu. Mbegu ya karanga uliyoihifadhi imechipua, na mumeo anaipalilia mwenyewe. Tangu apunguzwe kazi relini anauza mitumba mjini, ila jioni hushika jembe kama vile ungali unamtazama.

Unakumbuka likizo ile niliporudi na somo la mantiki? Ulikuwa unamenya karanga. Nikakueleza kwamba hoja ina kauli kuu, kauli ndogo, kisha hitimisho. Ukasema, "Haya, profesa, sikiliza yangu. Kila anayekula kwenye chungu changu ni mtu wa nyumba hii. Mzee anakula kwenye chungu changu. Basi Mzee ni mtu wa nyumba hii, na wewe umsalimie bila kununa." Nilicheka. Nikakuonyesha kwamba kula kwenye chungu ndilo neno la kati: limo katika kauli zote mbili, linaziunganisha, kisha kwenye hitimisho halimo tena.

"Linaenda wapi?" ukauliza. Nikachota karanga, nikamenya nawe.

Tangu uolewe na Mzee, mimi naye tuliongea kupitia kwako. "Mama, mwambie chakula tayari," na mwenyewe amekaa pale pale. "Mimi siyo waya wa simu," ulitujibu wote wawili.

Baada ya arobaini Mjomba alikuja kunichukua nikaishi kwake. "Shemeji ni mtu mwema, lakini si baba yako," alisema. "Aliyewaunganisha tumeshamzika. Sasa unabaki kwa nani?" Mzee alisimama mlangoni, ameshika begi langu, tayari kunisindikiza.

Nikaingia jikoni. Nikapika mlenda kwenye chungu chako, magadi yakazidi. Mjomba alisukuma bakuli pembeni. Mzee alionja, akasita, akameza.

"Mama yako angetucheka," alisema.

"Angetucheka, Baba."

Alishusha macho. Baadaye nililikuta begi chumbani kwangu, juu ya kitanda.

Hitimisho halikutaji, Mama, lakini bila wewe lisingekuwepo. Hilo ndilo jibu langu, limechelewa.

Pumzika sasa. Chuo kikifungwa nitakuja tuvune karanga, mimi na Baba. Na magadi nitapunguza.

Mwanao,
Neema