Jaffar, Kipini Kipo Upande Gani?

Ni mwaka mmoja sasa, Jaffar, tangu homa ya mapafu ikuondoe kwetu hapa ugenini Sparkbrook, na bado nikisikia mlango wa mbele nainuka kukubandikia chai, mjukuu wangu.

Ulikuwa ukitoka karakana ya reli Tyseley, unanawa, kisha unakaa na patasi yako ndogo kuchonga sura za watu kwenye ubao. Si wakubwa wenye vyeo. Mfagiaji wa Ladypool Road, mama aliyesinzia kwenye basi baada ya zamu. Magazeti yalisema wageni tumejaa mno. Wewe ulisema, "Bibi, hata sura zetu hawazijui." Ulipaka wino, ukalaza karatasi, ukaisugua kwa mgongo wa kijiko changu cha mchuzi. Chapa ya kwanza ulimpa mwenye sura.

Ubao hugeuza, cha kulia hutoka kushoto. Mara nyingine ulisahau. Surjit, mwenzako wa kazini aliyekulia Nakuru, alipoona kilemba chake kimefungwa kinyume alicheka. "Wewe Jaffar, umenichonga mimi au yule wa kwenye kioo?"

Nami nikakuuliza, "Na mimi je?"

"Zamu yako inakuja, Bibi. Sura yako haitaki haraka."

Chini ya kitanda chako tulikuta ubao ambao haujaonja wino. Mwanamke amejitanda, ana kipini puani, upande wake wa kulia. Mimi navaa kulia. Jirani yetu Kamlesh, aliyekuletea supu siku zote za ugonjwa, anavaa kushoto. Kama ulikumbuka kugeuza, ni yeye. Kama ulisahau, ni mimi.

Mwaka mzima naugeuza mikononi na sijui. Nilitamani sana niwe mimi. Siku moja nikampelekea Kamlesh. "Chukua, ni wewe."

"Bibi Mwatima, pua hiyo ni yako. Mimi nitaitoa wapi?"

Akaurudisha na bakuli la dengu juu yake.

Leo Surjit atauchapa. Chapa ya kwanza atapewa Kamlesh. Kama ni yeye, ni haki yake. Kama ni mimi, basi mwenye sura ameamua kumpa.

Tunaokukumbuka ni mimi bibi yako Mwatima, mama yako Jokha, mjomba wako Mkubwa, Surjit na Kamlesh. Mungu akurehemu.

Wewe ulikumbuka au ulisahau, hatujui. Sisi tutakukumbuka daima.