Sigara ya Umeme na Koti la Baba

Karakana ya Baba,
Nyuma ya duka la vyuma.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kelele,

Hujambo huko kwenye baridi? Shemeji hajambo? Na wale wanao, wajomba zangu wawili, bado wanapigania dirisha kila mkipanda gari? Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa wazima, mmevaa soksi.

Sisi huku tunajikongoja. Mimi ni mgongo tu, maradhi yetu maseremala. Mama hana homa wala kidonda, lakini hayuko sawa, na kuna kitu anakihitaji kutoka kwako ambacho hawezi kukuomba mwenyewe. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia. Kwenye simu ningeanza kulia, ungedakia, na salio lingekwisha tukiwa bado tunapokezana kamasi.

Kwanza nikujibu ulichoniuliza. Umesema shemeji anataka kuachana na sigara, na unataka kujua ile sigara ya umeme ya baba tuliichaguaje, maana madukani huko ziko za kila namna na bei zake zinatisha. Nitakueleza yote, halafu utaona yanavyoungana na ya mama.

Unakumbuka daktari alimwambia baba mapafu yamechakaa. Alimwambia pia kwamba kifaa hicho si dawa, asije akadhani anavuta hewa safi. Lakini kama kuacha ghafla kumemshinda, basi aanzie hapo, halafu apunguze kidogo kidogo mpaka akiache nacho. Mwambie shemeji vivyo hivyo. Na yale maji yake muyaweke juu kabisa, wajomba zangu wasiyafikie. Ni sumu mtu akiyanywa.

Dukani tulikwenda watatu, baba, mama na mimi. Muuzaji, baba mmoja mnene mwenye subira, alitupangia aina tatu juu ya kioo. Ya kwanza ni ya kutumia na kutupa. Bei yake inachekesha, lakini ikiisha unarudi kununua nyingine, na nyingine, mpaka mfuko unatoboka. Ya pili ilikuwa nene kama tochi ya mlinzi, ina vitufe na namba, ukivuta unatoa wingu la kujaza chumba. Baba aliigeuzageuza akauliza kama inafukuza na mbu.

Ya tatu ilikuwa nyembamba, haina kitufe hata kimoja. Unavuta tu, inawaka yenyewe. Maji unajaza mwenyewe, betri unachaji, na kile kipande cha ndani kinachopasha moto kikianza kutoa ladha ya kuungua unabadilisha hicho peke yake. Muuzaji akasema anayeanza aanze na hiyo, mambo ya namba na mawingu ni ya watu waliokwishazoea.

Unadhani baba alimsikiliza? Alichomoa penseli yake sikioni, akaipachika ile sigara mahali pake, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya muuzaji. Akainama kama anayepiga randa. Haikuanguka. "Tunachukua hii," akasema. Muuzaji alikiri kwamba hajawahi kuona mtu anayenunua kwa sikio. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu majibu ya hospitali yatoke.

Basi shemeji naye achukue isiyo na kitufe, ya kujaza. Ulizeni kabla ya kulipa kama vipande vyake vinapatikana karibu na kwenu, la sivyo mtabaki na pambo la kabati. Zile zisizo na jina zinazotandazwa barabarani msiziguse. Fundi bomba wa hapa jirani alinunua moja kwa kufuata urahisi, betri ikavimba mfukoni mwake kama andazi, ikamuunguza mguu. Kuhusu nguvu ya nikotini, shemeji aseme kweli anavuta sigara ngapi. Baba alianza kwa kudanganya, akapewa maji mepesi, akashinda amenuna kutwa nzima mpaka tukarudi kubadilisha.

Kwenye harufu ndiko walikogombana. Baba alitaka yenye harufu ya tumbaku. Mama akamwambia muuzaji aiondoe mbele ya macho yake. "Nimekufulia moshi tangu tuoane," akamwambia baba. "Sasa nataka nifue kitu kingine." Wakachukua ya mnanaa.

Siku hiyo hiyo baba alinifuata hapa karakana akanikabidhi pakiti yake ya sigara, imebaki nusu. Nikataka kuitupa kwenye takataka za mbao. Akanishika mkono. "Nitunzie," akasema, "nijue nimeacha mwenyewe, sikunyang'anywa." Nikaiweka kwenye droo ya misumari. Hakuwahi kuiulizia, Kelele. Siku moja tu nilimwona amefungua droo, akaitazama, akaifunga, akaendelea kupiga msasa.

Na mama sasa. Wewe unamjua mama na kufua. Amewafulia watu maisha yake yote, doa halijawahi kumshinda, na harufu ya sigara ilikuwa ndio adui wake pekee aliyekuwa analala naye kitanda kimoja. Alipoona baba ameacha kweli, alifanya sherehe yake mwenyewe. Alitoa mashati, makoti, suruali za kazi, mapazia, mashuka, hata kofia. Akaloweka, akasugua, akasuuza, akaanika, kisha akarudia. Godoro likakaa juani. Mto wa baba aliufumua, akafua pamba. Nyumba ikanukia sabuni na mnanaa, na mama akawa anatembea vyumbani anavuta pumzi kwa makusudi huku anatuangalia.

Hatukujua kwamba tuna muda mfupi hivyo. Usijilaumu kwa kuwa wazo la kifaa lilitoka kwako. Daktari alisema uharibifu ulikuwa wa zamani, na baba mwenyewe aliniambia siku moja, akiwa anakunywa chai, kwamba alikuwa amesahau chai ina ladha. Miezi ile ilikuwa yake. Halafu kifua kikabana, na yaliyofuata uliyasikia kwenye simu, nami sina nguvu ya kuyarudia.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, nilimkuta mama chumbani, kabati liko wazi, nguo za baba zote ziko kitandani. Alikuwa anachukua moja moja, anaiweka usoni, anavuta pumzi, anaiweka chini. Nilidhani anachagua za kugawa. Akageuka akaniangalia kama mtu aliyepoteza funguo za nyumba.

"Nimemfua," akasema. "Nimemfua mpaka amekwisha."

Nilikaa kando yake nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Tangu siku hiyo anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Nguo za wateja zinarudishwa, anasema mikono inamuuma. Nilimletea ile sigara ya umeme, nikidhani itamfariji. Aliinusa kidogo tu akanirudishia. Kwake mnanaa ni harufu ya ugonjwa, ya miezi ya dawa na vipimo. Mume wake wa miaka yote hakunukia hivyo.

Kwa hiyo, dada yangu, mnunulie shemeji kifaa, na akiacha sigara ufurahi. Ila usimfulie nguo zote. Shati lake moja baya, la kazini, lifiche pasipojulikana. Utaniona mwehu, lakini fanya.

Na sasa lile la mama. Siku hizi kila jioni ananiuliza swali moja, eti ni la bure tu. Anauliza kama kwako kuna mashine ya kufulia. Ananiuliza leo, ananiuliza kesho. Nilichelewa kuelewa. Siku unaondoka, stendi, baba alivua lile koti lake la kahawia akakuvisha, akasema huko kuna baridi. Hiyo ilikuwa kabla ya mnanaa. Aliyavutia ndani ya koti lile mapakiti yasiyohesabika, akalitolea jasho, likajaa vumbi la mbao mpaka kwenye mshono. Wewe ndiye uliyebaki na baba.

Lilete, Kelele. Mpe mtu yeyote anayekuja huku, au lipeleke posta. Najua na wewe unalihitaji, na ninaona aibu kukuomba. Akishatulia tutakurudishia, nakuahidi. Tafadhali usilifue, usilipulizie chochote, usilipige hata brashi.

Kama ulishalifua, sikulaumu, wewe ni binti wa dobi. Usimwambie mama. Litume kwangu karakana, si nyumbani. Ile pakiti bado iko kwenye droo ya misumari. Niliinusa nikifikiri itatosha, lakini haikuwa baba, ni majani makavu tu. Mimi sijawahi kuvuta, unajua, nitakohoa mpaka majirani waje. Lakini nitalivaa, nitaziwasha zile sigara moja moja, nipige randa nitoke jasho, mpaka niseme sasa lipo sawa. Na nikimaliza pakiti hiyo sitavuta tena.

Msalimie shemeji, umwambie aanze leo. Wabusu wajomba zangu. Shangazi anawasalimu, na fundi bomba pia, mguu wake unaendelea vizuri. Mungu awafunike huko mliko, atupe siku ya kuonana kabla hatujazeeka.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukiwa kimya,

Kaka Randa

Baadaye: Mama ameingia nikiwa nabandika bahasha, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia nakusalimu tu. Akageukia mlangoni, akasema, "Mwambie atumie mfuko wa nailoni. Na aufunge mdomo vizuri, njiani kuna upepo."