Nani Atakupikia Kule?

Yaya Faida,

Leo patron, mwenye tanuri ya mikate, alitupitia moja moja pale kwenye meza ya kukandia, unga umetujaa mpaka kwenye kope, akauliza kila mutu mwezi wa likizo anaenda wapi. Ba Bwalya, mama wa hapa Zambia tunayekanda naye meza moja, alijibu mbio mbio: anaenda kwa dada yake. Ilipofika zamu yangu nikaendelea kukanda. Patron akacheka, eti huyu Mukongomani kila mwaka anafikiri kama mutu anayechagua mume. Bote bakacheka, na mi nikacheka nabo. Lakini sikuwa nafikiri, Yaya, dada yangu mukubwa. Nilikuwa nakusikiliza. Toka utoto, mutu akiniuliza ninaenda wapi, we njo unaingia katikati na ulizo lako.

Mama Asha, jirani yetu wa zamani anayekaa sasa Kigoma, anasema Kiswahili changu kimeoshwa, nusu ni chake, nusu ni unga wa Lusaka. Aa wapi! We nitakuandikia vile tulivyokuwa tunasema kwetu.

Tulikuwa kwenye muchanga wa Baraka, kwetu Kongo kando ya ziwa, nyuma ya nyumba ya baba, ndagala, dagaa za ziwa letu, zimeanikwa mbele yetu, na kazi yetu ni kufukuza kunguru na mbuzi wa jirani. We ulikuwa na fimbo, mi nilikuwa na kopo la kugonga. Asubuhi ziwa lilikuwa bado na ukungu na jua linatoka majini, jekundu, limelowa bado. Meli ikipita kule mbali ulikuwa unaniuliza, "Riziki, unaenda wapi?" Ninasema Mpulungu. "Nani atakupikia kule?" Nisipokuwa na jina la mutu, nimeshindwa, ninaenda kufukuza mbuzi. Hiyo njo ilikuwa sheria yako. Hauchague fasi wala muji, unachagua mutu wa kukuwekea bugali usiku. "Fasi haina mutu njo pori," ulisema, "hata kama iko na taa." Na we mwenyewe ulikuwa mudanganyifu sana! Ulisema unaenda Bujumbura, utapikiwa na shangazi ya mume wako, na mume mwenyewe ulikuwa haujamupata. Nilikubali tu. We ulikuwa mukubwa, na fimbo ulikuwa nayo we.

Vita ya kwanza ilipofika Baraka sikuchagua kitu. Mama Asha, jirani yetu, alinishika mukono akanisukuma ndani ya mutumbwi wa moteri, na tulipoangalia nyuma tuliona moshi. Yeye akabaki Kigoma, mi nikapanda meli siku ile ile mupaka Zambia. We ulikuwa umekwisha kwenda Ubwari, upande ule ule wa ziwa, kwa bakwe zako na mutoto wako Sifa mugongoni, ananyonya bado. Ulinitumia neno kwamba bazee habawezi kuvuka ziwa na we hauwezi kubaacha, na kwamba vita ni vita, itapita. Ilipita kweli. Halafu ikarudi, na hii ya pili njo ilikukuta. Mume wako, benye bunduki balimukamata kubeba mizigo yao, hakurudi. Barabara ya Baraka ilikuwa na bale bapiganaji ba mulimani upande moja na bale baasikari benye bendera upande ingine, na we ulikuwa na homa, na dawa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ni hivyo tu. Mutu hafi kwa jambo kubwa, Yaya, nimejifunza.

Habari ilinifikia huku Lusaka nyuma ya miezi, imepita midomo mingi, na ilikuwa siku ya kazi. Sikujua nililie wapi. Nilikanda. Mikate ya siku ile ilikataa kuumuka, ilitoka migumu kama matofali, na patron aliiangalia, akaniangalia, akaenda zake.

Sasa sikiliza kitu utacheka. Bantu bote ba kwetu bametawanyika. Mama Asha iko Kigoma anauza ndagala. Mutoto wa katekista wetu iko Mpulungu na duka ya sabuni. Binti ya baba mukubwa iko Dar es Salaam, ameolewa na fundi wa redio. Nasikia mupaka Maputo kuna mama wa kwetu Fizi anayetwanga sombe, majani ya muhogo, majirani banalalamika kelele ya kinu. Unaona? Vita imetupandia benyeji kila muji. Ule muchezo wetu leo ningekushinda kila zamu. Ba Bwalya anasema bantu bangu banachagua safari kwa kuuliza nani yuko wapi, siyo nini iko wapi. Nilimwambia yaya wangu alianza hivyo mbele ya vita kufika.

Likizo yangu ya kwanza nilikwenda Kigoma. Mama Asha alinipokea mulangoni na "mugeni njoo, mwenyeji apone," halafu akalia yeye mbele yangu. Kesho yake nikaamuka na giza, nikashuka ufukoni, nikakaa nikiangalia maji. Nilikuwa ninangojea jua, si unajua. Maji yakawa ya bluu, halafu meupe, bavuvi bakarudi, na jua halitoki. Nikasema, hee, leo jua limechelewa! Mara nikasikia moto kwenye shingo. Nikageuka. Jua lilikuwa limekwisha toka nyuma yangu, juu ya nyumba za bantu, na bamama ba ndagala banashika mbavu kwa kucheka. Nilikuwa upande ule mwingine wa ziwa, Yaya, na mwili wangu ulikuwa haujaambiwa. Jioni nikarudi pale pale. Mvua ilikuwa imenyesha, hewa imesafishwa, na milima ya kwetu ikajitokeza, ya bluu, karibu kabisa, ungesema nyosha mukono. Jua likashuka taratibu nyuma yake. Nikawaza, kumbe linakwenda kulala kwetu. We ulikuwa ungali hai siku ile. Nilipunga mukono kama mupumbavu, halafu nikaenda kula.

Mwaka uliofuata nilivunja sheria yako. Ba Bwalya alinisumbua sana: mwanamuke haishi kwa ndugu tu, nenda uone dunia, kuna maporomoko bazungu banavuka bahari kuyaona. Nikaenda peke yangu. Weee, yale maji! Yanaanguka, halafu yanapanda tena juu, mvua inakunyeshea toka chini. Nikasema kwa sauti, "Angalia!" Hapakuwa mutu. Nikasema tena, kwa Kibembe chetu. Usiku nikala viazi vya kukaanga kwenye kitanda cha nyumba ya bageni, taa inawaka vizuri, na nikakupa haki yako: pori. Kumbe siku zile ulikuwa umekwisha zikwa, na mi sijui. Pengine njo maana niliita.

Toka habari ile sijakwenda fasi yoyote. Ninafanya kazi, ninalala, ninakuota. Katika ndoto miji yote iko kwenye ufuko moja: Kigoma imepakana na Lusaka, kituo cha mabasi kinaishia kwenye muchanga, na we unapita kati ya mabasi na beseni ya ndagala kichwani, kitenge kile cha kijani, haulowi na haukauki. Ninakuuliza hapa ni wapi. Unatembea mbele tu, pole pole, vile ulivyokuwa unatembea ukitaka nikufuate bila kukuuliza. Ninakufuata. Hatufiki, na siumii kwamba hatufiki. Ninaamuka na harufu ya samaki kwenye pua, na nje ni Lusaka, muuza maziwa anapiga kengele.

Mwaka huu nilikuwa nimetaka Dar es Salaam. Nisikufiche. Binti ya baba mukubwa alinitumia neno kwamba nyumba yao iko na chumba cha mugeni, na upepo wa bahari unaingia mupaka jikoni. Ba Bwalya alikwisha nichagulia na nguo ya kuvaa. Halafu Papa Amisi, yule anayevusha chumvi na sabuni mupaka Ubwari, alifika Kigoma na habari, na Mama Asha akaiandika kwa barua, akanitumia na dereva wa basi. Mukwe wako mwanamuke amekufa. Muzee wake amebaki peke yake na Sifa, macho hayaoni tena vizuri, anakula kwa majirani. Na kaka ya mume wako ametoka Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu, anasema mvua ikianza atamuchukua mutoto akapikie bachimbaji.

Misisi, Yaya. Mutoto ambaye meno yake ya mbele yameanguka juzi.

Niliposoma nilikaa chini kwenye gunia ya unga. Ba Bwalya akasema maneno ya kunipenda, najua ni ya kunipenda: huko kuna vita, aliyekufa hakimbii, nenda Dar sasa, kaburi utaliona amani ikija. Nikamwambia kweli, yaya hakimbii. Lakini mvua inakuja, na mutoto ataondoka nayo. Akarudi kwenye donge lake.

Ninaogopa. Nakuambia we kwa sababu hautanicheka, ama utanicheka na sitasikia. Ninaogopa maji, ninaogopa moteri kuzima katikati, ninaogopa bale benye bunduki banaokaa pale mitumbwi inapofikia na kuuliza umetoka wapi na umebeba nini. Kila mwaka nilikuwa nachagua fasi ya kupumzika. Sijawahi kuchagua fasi ninayoogopa. Usiku nilijilaza nikajiuliza ulizo lako, neno kwa neno: Ubwari, nani atakupikia kule? Nikapita nyumba kwa nyumba. Mukwe wako, hapana. Mume wako, hapana. We, hapana. Muzee anapikiwa na bengine. Sina jina hata moja. Kwa sheria yako nimeshindwa, niende kufukuza mbuzi.

Basi nimeikataa sheria yako, Yaya, kwa mara ya pili, na safari hii kwa akili zangu zote. Fasi ile imekosa wa kupika. Mi njo nitakwenda kupika. Nitawasha moto kwenye mafiga yako, nitamupikia muzee, nitamupikia Sifa, na huyo kaka ya mume wako akija nitamuwekea na yeye sahani, ale ashibe, halafu nitamwambia mutoto huyu iko na mama mudogo na mama mudogo amefika. Mama Asha anasema atakuwa kwenye ufuko wa Kigoma siku tutakapovuka kurudi, amekwisha ongea na mwalimu mukuu wa shule, Sifa asome. Nitakaa na Sifa na muzee huko. Kukanda mikate najua, na bantu ba Kigoma banakula mikate.

Kwa hiyo muchana huu nilimujibu patron. Nilisema, "Ubwari." Akauliza ni wapi hiyo, iko na hoteli? Nikasema hapana, iko na mutoto wangu. Nikamwambia asinishikie nafasi. Akasema tanuri yake itanikumbuka, akageuka haraka. Ba Bwalya aliacha donge lake kwenye meza akatoka nje, akarudi macho mekundu, akanifunga kitenge chake kiunoni na kusema nikikiuza atanifuata mupaka Kongo.

Nitafika kwako kwanza. Papa Amisi amenieleza ndani ya barua ile: juu ya kijiji, panapoanza mihogo, mawe matatu. Nitapalilia, nitakaa, nitakueleza yote haya tena kwa mudomo, maana we ulikuwa haupendi kusoma. Sitakaa sana. Mutoto atakuwa anangoja.

Lakini kuna moja nimekuachia mwisho. Papa Amisi anasema Sifa alimufuata mupaka kwenye mutumbwi akamuuliza, "Mama mudogo iko na sura ya mama?" Amekusahau sura, Yaya. Alikuwa mudogo sana, si kosa lake, usimukasirikie. Niliomba kioo cha Ba Bwalya nikajiangalia, mi ambaye sijiangaliagi. Paji ni lako. Mwanya ni wako. Nilipocheka, hata mi nilishituka.

Ataniangalia kwanza pale ufukoni, ataniangalia sana. Na siku moja, akiwa na usingizi ama na homa, ataniita Mama. Nimejaribu kufikiri nitamwambia nini, kwamba mama yako alikuwa mwingine, alikuwa murefu zaidi, alikuwa na fimbo. Nitamwambia hayo yote, kila siku, nakuahidi, mupaka akujue vile ninavyokujua. Lakini saa ile ile akiita, usiku, gizani, siwezi kunyamaza. Unisamehe. Nitaitika.

Lala, yaya wangu.

Mudogo wako,
Riziki