Kengele ya Darajani

4 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini kwenye ujenzi wa barabara, wewe na vumbi lenu. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi ni mzima, na Mama ni mzima wa mwili. Anakula, anafua, anapika. Ila tangu tulipomzika Baba mwaka jana hajatoka nje ya ua. Nikimwambia twende hata sokoni, ananijibu, "Nenda tu, mimi nalinda nyumba." Sijui anailinda dhidi ya nani.

Kazini bado niko dirisha la malalamiko. Unajua lilivyo: maji, umeme, basi la mji, vyote vinaishia kwangu. Juzi mzee mmoja wa ng'ambo ya mto kang'oa bomba lake zima, kalileta, kaliweka juu ya kaunta. "Lisikilize mwenyewe," ananiambia, "ukisikia hata tone moja niite mwongo." Ofisi nzima tulicheka, naye akacheka, kisha akaondoka na bomba lake kavu. Yale mafuriko yaliyomchukua Baba ndiyo yaliyokata bomba kuu chini ya daraja, na mpaka leo ni viraka juu ya viraka.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Manispaa imeleta basi jipya. La kijani, viti bado viko kwenye nailoni. Wakampa dereva mmoja tunamwita Breki, maana husimama hata kwa kuku. Hakumaliza wiki mbili. Alikuja dirishani kwangu, hakwenda kwa bosi, akaweka funguo mbele yangu.

"Dada, lile basi lina kengele."

"Mabasi yote yana kengele. Abiria watashukaje?"

"Inalia katikati ya daraja. Natazama kwenye kioo, mikono ya watu wote iko mapajani. Kituo pale hakuna. Inalia tena. Inalia kama mtu anayeng'ang'ania."

Nikamwambia ni nyaya. Akanitazama kwa huruma, nikajua anajua mimi ni mtoto wa nani. Aliyemfuata aliendesha siku moja tu. Sasa basi limelala gereji, na watu wa ng'ambo wanavuka kwa miguu, wagonjwa wao wanasukumwa kwenye mikokoteni.

Mjini wanasema ni wale tisa waliokufa na basi la zamani siku ya mafuriko. Wengine hawasemi tisa. Wanasema "wale wanane na dereva wao". Umeona wanavyomtenga Baba.

Mama sijamwambia. Andika upesi, maana simu zenu huko ndiyo hivyo, hazishiki.

Dada yako

22 Machi

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imekuja na lori la mafuta, inanuka dizeli, lakini nimeisoma mara mbili. Nashukuru kusikia mnapumua. Kifua kimepona, sasa ni zamu ya mgongo. Greda halina huruma. Kwa yule mzee na bomba lake nilicheka mpaka mpishi wetu akaniletea maji, akidhani nimepaliwa.

Hiyo kengele ni nyaya tu, dada. Daraja lile lina matuta kwenye maungio, gari likiruka nyaya zinagusana. Mimi nashinda kwenye mitambo, nayajua haya. Mwambie fundi umeme wa gereji aing'oe kabisa, halafu tuone italia na nini.

La "wanane na dereva wao" limenikaa kooni. Baba alianza kuendesha njia ile sisi hatujajua hata kufunga kamba za viatu. Aliyeokoka siku ile ni yule muuguzi peke yake. Kuna mtu aliyewahi kukaa naye akamuuliza vizuri? Yeye alikuwemo ndani, hawa waropokaji hawakuwemo. Muulize wewe. Atasema kweli, na watu watafunga midomo.

Mpe Mama salamu zangu. Mwambie huku nakula vizuri, hata kama si kweli.

Mdogo wako,
Kitinda

17 Aprili

Kitinda,

Salaam. Natumaini mgongo umekuachia. Sisi hatujambo. Mama amekusikia, ila hakusadiki hilo la kula.

Nimefanya yote mawili uliyoniambia.

Fundi umeme aliing'oa kengele, na vitufe vyake vyote, na nyaya zake. Akaviviringisha kwenye gazeti akaniwekea kaunta kama nyama ya buchani. Kisha mkuu wa gereji akaendesha mwenyewe, fundi pembeni, mimi nyuma kwa kuwa lalamiko nimeliandikisha mimi. Tukaingia darajani asubuhi, jua linawaka. Kitinda, ililia. Haikutoka mbele wala nyuma. Ililia mle ndani tulimokaa. Mkuu wa gereji akakanyaga mafuta, tukavuka mbio.  

Siku ya pili nikaenda zahanati ya ng'ambo. Muuguzi alikuwa ananawa mikono. Aliponiona hakushtuka.

"Nilidhani utakuja mapema zaidi," akasema.

Akaniambia hivi. Basi lilipoingia darajani mchana ule, maji yalikuwa yanalamba tu magurudumu. Katikati injini ikazima. Maji yakapanda. Watu wakaanza kubonyeza kengele, kila mtu, mikono juu ya mikono. Baba akageuka kwenye kiti chake akawaambia, "Kaeni. Nje ni kubaya zaidi. Gari ni zito, litashika." Mlango wa basi lile ni dereva tu anayeufungua. Wakabonyeza, wakabonyeza. Hakufungua. Yeye muuguzi alivunja kioo cha nyuma, na zaidi ya hapo hakumbuki.

Nikamuuliza, "Angefungua?"

"Sijui. Labda tungefika ukingoni. Labda maji yangetuchukua mmoja mmoja. Navuka pale kila siku. Siku za jua naona ukingo uko karibu kabisa. Nikiyakumbuka yale maji naona uko mbali."

"Unamlaumu?"

Alijifuta vidole, kimoja baada ya kingine. "Alisema 'kaeni' kwa sauti ya upole sana," akanijibu. "Hiyo sauti ndiyo inayoniamsha usingizini."

Nimerudi nyumbani, nimeshindwa kumtazama Mama usoni. Mdogo wangu, hatuna cha kuwafunga watu midomo.

Jambo jingine. Leseni yangu ya magari makubwa, ile Baba aliyonifundishia na wewe ukasema nimependelewa, bado ni hai. Jana nimemwomba bosi funguo. Hakuna mwingine anayezitaka. Juzi mama mmoja amejifungulia kwenye mkokoteni, darajani, mvua inanyesha.

Dada yako

3 Mei

Dada,

Leo salamu nitaziweka mwisho, nisamehe.

Nilikutuma ukasafishe jina la Baba, umeniletea matope zaidi. Huyo muuguzi alikuwa anakufa, anakumbuka nini mtu anayekufa? Angefungua wangefia nje badala ya ndani, basi, hakuna zaidi. Baba hakuua mtu. Ningekuwa mimi pale ningesema vilevile, kaeni.

Na usiguse usukani ule. Tumeshazika dereva mmoja, Mama hana machozi ya wa pili. Unadhani watu wa ng'ambo wakikuona kwenye kiti kile watasema nini? Watasema binti kaja kumalizia alipoachia baba yake. Waache watafute mwingine. Mji mzima umekosa mwanamume mwenye leseni?

Nakukataza. Najua mimi ni mdogo, lakini nakukataza.

Mama hajambo? Wewe hujambo?

Mdogo wako

9 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mbona kimya?

Lori limekuja mara tatu halina barua. Kwanza nilidhani umenuna, nikasema una haki, niliandika kwa ukali. Sasa sijui niwaze nini. Mvua imepiga milimani huku wiki nzima. Mito yote inayoteremka kwenu nimeiona imejaa, rangi ya chai ya maziwa, inabeba magogo. Nikiwa juu ya greda nayaangalia yale magogo, nawaza yatafika lini kwenu.

Nimepanda kilima kutafuta mtandao. Simu yako inaita haipokelewi. Mpishi anasema nimeacha kula. Kweli nimeacha.

Kama hukuanza kuendesha, sema. Kama ulianza, sema, sitagomba. Ukishindwa kuandika, mwambie Mama aniandikie jina langu tu kwenye karatasi, nitaujua mwandiko wake.

Kitinda wako

6 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Mimi ni mzima, sijanuna. Simu nilikuwa naiacha nyumbani, na kila nikishika karatasi nilikuwa naona hutaniamini. Kula kwanza, halafu usome.

Nilianza katikati ya Mei. Safari ya kwanza walipanda watu wachache: mwalimu, mama na mtoto mwenye homa, yule muuguzi, akakaa nyuma yangu kabisa, na muuza mkaa wa stendi. Huyu mzee, kijana wake ni mmoja wa wale wanane. Mwaka mzima alikuwa akipita dirishani kwangu anatema mate chini. Siku ile alipanda kwa sababu mguu wake ulikuwa umevimba. Hakunitazama.

Tukaingia darajani. Kengele ikalia.

Wenzangu wote waliotangulia walikanyaga mafuta. Mimi mguu wangu ulikwenda kwenye breki, wala sikuutuma. Basi likasimama pale pale katikati. Kengele inalia tu. Muuza mkaa akapiga kelele, "Unasimama nini hapa? We mtoto, unasimama nini hapa!" Na nyuma yangu muuguzi akasema polepole, "Fungua."

Nikabonyeza. Mlango ukafunguka kwa ule mlio wake wa upepo, tukasikia maji chini. Kengele ikanyamaza. Hakuna aliyejitikisa. Kisha muuza mkaa akainuka, nikadhani anakuja kunipiga. Akasimama mlangoni, kashika bomba la kushikia, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni. Akasema, "Shuka, baba. Shuka taratibu." Akarudi kukaa. Nilifunga mlango tukaenda. Kule ng'ambo, aliposhuka, akanipa mkono. 

Tangu hapo inalia kila safari, na kila safari nafungua. Abiria wamezoea. Watoto wa shule wakikaribia pale wanaacha kelele wenyewe. Bosi aliniuliza kwa nini nachelewa, nikamjibu ni abiria, naye hakuendelea kuuliza. Mafundi wa maji wamemaliza bomba jipya, wanalifunga kwa mikanda ya chuma chini ya daraja, wananipungia mkono nikisimama. Wao wanadhani nawasalimia.

Mwanzoni niliamini wanashuka. Nilijiambia wataisha, siku moja nitapita kimya. Hawaishi. Sasa sijui kama wanashuka au wanapanda.

Hii nyingine sijamwambia mtu. Ile mvua uliyoiona milimani ilifika kwetu. Siku moja mto ulipanda mpaka karibu na sakafu ya daraja. Niliulizia, wakasema panapitika. Katikati kengele ikalia, nikasimama, nikaweka kidole kwenye kitufe cha mlango, nikayaangalia yale maji. Kidole kikakataa. Na nikasikia mtu anasema, "Kaeni. Kaeni kidogo." Kitinda, nilikuwa mimi, lakini haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya upole sana. Kwenye kioo nilimwona muuguzi amejiziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Nikafungua. Sijui nguvu niliipata wapi. Kisha nikafunga, tukavuka. Muuguzi alikaa wiki nzima anavuka kwa miguu ndipo akarudi kupanda.

Kwa hiyo usiniulize tena kama Baba alikosea. Kile kidole nakijua sasa. Zaidi ya hapo sijui.

La mwisho ni Mama. Wiki iliyopita nafika kituo cha mtaani kwetu, namwona amesimama, kavaa viatu vyake vya kutokea, mkoba mkononi. Nilitaka kulia. Mimi sijamwambia habari ya kengele hata siku moja, na majirani wanaogopa kuitaja mbele yake. Akapanda, akakaa kile kiti cha watu wawili upande wangu, mkoba akauweka pembeni yake.

Kengele ikalia. Nikasimama, nikafungua. Kwenye kioo nikamwona Mama anauchukua ule mkoba, anaupakata, anajisogeza dirishani. Akatulia hivyo, anangoja. Baadaye akasema, "Haya, twende."

Alikwenda vile vile amebanana na dirisha mpaka mwisho wa njia. Watu wote wakashuka. Nikamwambia, "Mama, tumefika."

"Najua tumefika," akasema. "Mimi sishuki, narudi na gari."

Sasa anapanda kila siku. Amenawiri, anaongea na watu kituoni, jana amenichekea. Kiti chake wote wanakijua, na ule upande wa pili hakuna anayeukalia, hata basi likijaa. Sijamuuliza.

Omba likizo uje. Mama anakutaja. Ila ukipanda, mdogo wangu, tafuta kiti kingine, usikae pembeni yake.

Dada yako