Ua la Maji Linaloteleza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nikinyamaza naweza kumzika mtu na nikisema nitaonekana mkwe asiye na adabu. Nimeolewa kwenye nyumba ya wageni yenye bwawa la maji moto huku milimani Akita, na baba mkwe, Mzee Seizaburo, ameapa klorini haitaingia humo akiwa hai, anasema maji yakinuka dawa yamekufa, na kweli wageni wanatufuata kwa hilo, ila jioni akiyamwaga hayamwagi yote, anabakiza kidogo, eti maji mapya matupu ni makali kwa wazee, lazima yachanganywe na ya jana, kama pumba za kuvundikia mboga alizorithi kwa mama yake, ambazo hazitupwi, huongezewa tu. Mawe yameota utando unaoteleza, anaupapasa kwa fahari, "Hili ndilo ua la maji!" na juzi niliposhika brashi akaninyang'anya, "We mtoto wa mjini, unataka kuning'olea maua?" wageni wakacheka, nami nikacheka huku moyo unaniuma. Sasa mama mkwe, Fusae, anayenipenda kuliko wote humu ndani, na huoga humo kila siku, anakohoa na homa haishuki, na mume wangu ananiambia tufunge kimya kimya taa ya kuua vijidudu, baba asijue. Nikubali?
Chinami

Mwanangu Chinami, pole. Sasa nikugombeze. Mama ana homa, wewe unaniuliza habari za taa? Mpeleke hospitali leo, daktari aambiwe anaoga wapi, maana vijidudu vya maji huingia mapafuni pamoja na mvuke. Bwawa lifungwe hadi maji yapimwe, wageni wanune wakitaka.

Mzee ana haki nusu. Bwawa laweza kuishi bila klorini, na taa husaidia, lakini huua kinachopita mbele yake tu. Kilichojibanza kwenye utando haikifikii. Maji yasiyo na dawa yanataka mikono: kumwaga yote, kusugua, kujaza upya na kuyaacha yatiririke. Kama mikono hiyo hamna, tieni dawa, aibu iko wapi?

Ua la maji nalijua, nimelelewa Beppu, kwenye chemchemi za maji moto. Ni chembe za madini, ukisugua kwa kidole linakwaruza. Hilo lenu linateleza, basi ni uchafu mlioupa jina zuri. Na maji mapya yakiwa makali, mumeo aoge kwanza, wazee wafuate. Ndivyo bibi zetu walivyofanya, na ya jana waliyamwaga.

Usifiche kitu. Mshike mzee mkono, mwambie, "Baba, papasa. Linakwaruza?" Kisha mpe brashi, ashike mwenyewe. Akifoka, mjibu kwa adabu zako zote: "Ua litaota tena, baba. Mama je?"