Ugoro Laini

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Paka wa jirani amezaa tena, safari hii chini ya kitanda changu.

Shangazi anayekusomea asiruke hapa. Wiki hii niliupima hapa kazini, maabara, ugoro ninaokutumia. Wewe husema ugoro huua wadudu wa maradhi. Bibi, wamo tele, wazima, na wanapenda unyevunyevu. Maji nayatia mimi, usikauke njiani. Sisemi ndio walioleta kikohozi chako, lakini usingizi umenipaa.

Umwage wote, hata ule wa chini ya mto, kisha uende hospitali. Na tafadhali, usiwaambie tena majirani kwamba ugoro wa mjukuu wako ni laini kuliko wote.

Ni mimi,
mjukuu uliyemwombea kazi hii.