Mwalimu wa Washauri

Kitindamimba wangu,

Hapa hatujambo, na paa limeshazibwa. Jana fundi cherehani aliniuliza huo udaktari unaosomea utatibu nini. Nikamwambia, "Hatibu mtu, shoga! Anasomea kuwafundisha washauri nasaha, na kuwasahihisha wakiropoka."

Lakini mwanangu, ile simu yako haijanitoka moyoni. Ulisema, "Mama, nimechoka, nataka kuacha masomo." Nami nikadakia, "Uache, na mtaa mzima nimeshautangazia?" Ukasema, "Sawa, Mama," ukakata.

Mwanafunzi wako angemjibu mtu hivyo, ungemrudisha darasani. Nipigie tena, uniambie kilichokuchosha. Nitasikiliza mpaka umalize. Na ukiacha, nitautangazia mtaa huohuo kwamba mwanangu anarudi nyumbani.

Mama yako, mwenye mdomo